Somo Lisilo na Majibu Nyuma ya Kitabu

Paa la bati lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 likinyeshewa mvua ya milimita 25 linakusanya lita 5,000 za maji. Hesabu yake haihitaji kikokotoo, kwani milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Shule nyingi za sekondari huku kwetu zina mapaa ya namna hiyo matano au zaidi, na bado kiangazi kikishika zinanunua maji ya boza, au wanafunzi wanaambiwa waje na madumu.

Waulize wanafunzi wa kidato cha tatu mvua iliyonyesha shuleni kwao mwezi jana ilikuwa milimita ngapi. Wengi watakutajia wastani wa mwaka wa kanda yao, kama ulivyoandikwa kwenye kitabu cha Jiografia. Wastani huo unapata alama kwenye mtihani, lakini haumwambii mkuu wa shule anunue tangi la ukubwa gani.

Mvua iliyonyesha jana kwenye uwanja wa shule haimo katika kitabu chochote. Mwalimu haijui, na mtungaji wa mitihani haijui. Anayetaka kuijua sharti atoke nje akaipime. Hapa ndipo miradi ya vitendo ya mazingira na sayansi ya dunia inapotofautiana na sehemu kubwa ya masomo mengine, kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi wanaanza wakiwa sawa, wote hawana jibu. Na tofauti hiyo ndiyo inayotufanya tushindwe kuifundisha vizuri.

Majibu ya kupika

Aliyepita maabara ya sekondari anaujua mchezo. Jaribio la pendulamu la kupima mchapuko wa mvutano wa dunia linatakiwa litoe 9.8. Kundi linalopata 8.6 halirudii kupima. Linafuta, linarudi nyuma kutoka kwenye jibu hadi kwenye vipimo, na jedwali linatoka safi kuliko la mwalimu. Tunaita kupika majibu, na tunacheka. Lakini mwanafunzi huyo amesoma mazingira yake vizuri: alama zimewekwa kwenye jibu linalojulikana, hivyo jibu linalojulikana ndilo analolitafuta. Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi palikuwa na karatasi ya mtihani mbadala wa vitendo, ambapo mtahiniwa alieleza kwa maandishi jaribio ambalo pengine hakuwahi kuligusa.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyapoza, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja, akiogopa kukosa nafasi, aliyaingiza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa amewatembelea kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne naye hakuwa na jibu, ila alirudi Dar es Salaam na kuagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo. Mpemba mwenyewe aliishia kufanya kazi katika idara ya wanyamapori.

Hadithi hiyo husimuliwa sana kama sifa ya kijana mmoja. Mimi naiona zaidi kama kipimo cha walimu wawili: mmoja alilinda jibu alilokuwa nalo, mwingine aliona swali linastahili muda wa maabara. Miradi ya mazingira inamlazimisha kila mwalimu awe kama huyu wa pili, kwa sababu haina jibu la kulinda.

Chupa, rula na bomba la sindano

Kisingizio cha kwanza huwa vifaa. Tuanze na kipimamvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate juu pale inapoanza kusinyaa, kisha geuza kile kipande cha juu ukichomeke kiwe faneli inayozuia maji yasikauke kwa jua. Pima upana wa mdomo. Ukiwa sentimita 9, eneo lake ni takriban sentimita za mraba 64, kwa hiyo kila mililita 6.4 za maji ndani ya chupa ni milimita moja ya mvua. Maji yenyewe yanapimwa kwa bomba la sindano la duka la dawa. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo mara moja hatasahau tena kwa nini mvua hupimwa kwa urefu wakati maji hupimwa kwa ujazo.

Chupa izikwe au ifungwe imara mahali pa wazi, mdomo ukiwa kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Ikae mbali na jengo kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa jengo hilo, na mbali na mwembe ambao wote wanapenda kukaa chini yake. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi. Saa hiyo ina sababu: ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na anayesoma saa nyingine hawezi kulinganisha takwimu zake na za jirani.

Kazi nzima inachukua dakika tano, wanafunzi wawili wa zamu kila wiki. Sehemu ngumu iko kwenye daftari, tena kwenye kisanduku kimoja cha daftari hilo. Siku isiyo na mvua inaandikwa sifuri. Siku ambayo watu wa zamu walisahau inaandikwa alama ya kistari. Sifuri maana yake tulipima na haikunyesha, kistari maana yake hatujui. Anayejaza sifuri mahali pa kistari ameharibu wastani wa mwezi mzima, na asiposemwa ataharibu na wa mwaka. Kumfundisha kijana wa miaka 16 aandike mbele ya wenzake kwamba jana hakupima, na asiadhibiwe kwa ukweli huo, ni kazi kubwa kuliko kumkaririsha aina za mawingu.

Na namna ya kumnasa mpishi wa takwimu ipo. Weka chupa mbili pembe mbili za uwanja, kila moja na kundi lake, na madaftari yasionane hadi mwisho wa mwezi. Vipimo halisi vitatofautiana kidogo, kwa kuwa upepo na mahali chupa ilipo haviko sawa. Vikilingana hadi nukta ya desimali, darasa lina jambo la kuzungumza.

Likizo inapogongana na mvua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mvua, habari hupotea zaidi wakati wa likizo. Kenya hufunga shule mwezi Aprili, katikati ya mvua za masika. Tanzania hufunga Desemba, wakati maeneo mengi yana vuli, na kanda za kati na kusini ndiyo kwanza zinaingia msimu wao. Daftari lisilo na mwezi wa mvua ni kazi bure. Suluhisho lipo karibu: wanafunzi wa kutwa wanaokaa jirani na shule, au mlinzi, ambaye yupo siku zote na akionyeshwa mara mbili ataisoma chupa vizuri kuliko dada mkuu na kaka mkuu.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu enzi za ukoloni, sehemu kubwa ya kumbukumbu za mvua za Afrika Mashariki ilitunzwa na watu wa kujitolea katika misheni, mashamba makubwa na shule, ambao walituma kadi zao kwa idara ya hali ya hewa kila mwezi. Vituo vingi vya aina hiyo vilikufa kimya kimya, mwalimu alipohamishwa au kipimamvua kilipopasuka. Pengo hilo ndilo lililowavuta wanasayansi wa Delft, Uholanzi, na Oregon, Marekani, kuanzisha TAHMO, mpango wenye ndoto ya vituo 20,000 barani Afrika. Vifaa vyao vinapima vyenyewe na kutuma takwimu kwa mtandao wa simu, na vingi vimesimikwa kwenye viwanja vya shule, Kenya ikiwamo, kwa sababu shuleni pana uzio na watu. Kabla yao ulikuwapo mpango wa GLOBE, uliotangazwa mwaka 1994 na Al Gore akiwa makamu wa rais wa Marekani na kuanza kazi mwaka uliofuata. Huo unawapa wanafunzi wa nchi zaidi ya 100 utaratibu mmoja wa kupima mawingu, udongo na maji, na Kenya na Tanzania ni wanachama.

Kifaa cha kisasa hakiifanyi chupa kuwa takataka. Kinaweza kuzibwa na vumbi au kinyesi cha ndege na kikaendelea kutuma sifuri kwa uaminifu kabisa. Anayegundua ni mwanafunzi mwenye chupa iliyojaa.

Udongo, mto na kivuli

Mvua ikishajulikana, maswali mengine yanafuata yenyewe. Inakwenda wapi? Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayopitisha mwanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha acha. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini linachukua saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuelea siku nzima na zaidi. Pima kila tabaka kwa rula, na darasa linajua kwa asilimia udongo wa bustani yake ni wa aina gani. Kisha kata chupa tatu kwa ubavu, moja uiwekee udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa kwa majani makavu, ya tatu udongo wenye nyasi zilizoota. Mwagia kila moja lita moja kwa kopo lenye matundu. Rangi ya maji yanayotoka upande wa pili inamaliza mjadala.

Kwa shule zilizo kwenye miteremko, kuna fremu ya A: miti miwili na ubao wa katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi kutoka kileleni. Kwa fremu hiyo wanafunzi wanatafuta pointi zenye kimo sawa na kuchora mstari wa kontua juu ya ardhi yenyewe. Machakos inajua thamani ya mstari huo. Katika miaka ya 1930 wakaguzi wa serikali ya kikoloni walikuwa wakiilia kama nchi iliyokwisha. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba hadi mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua, na matuta ya fanya juu yalikuwa na mchango mkubwa katika mageuzi hayo. Kondoa, ambako serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973 na kuondoa mifugo mwaka 1979, ina makorongo ambayo bado yanaweza kupimwa kwa kamba na vigingi kila baada ya msimu.

Mtoni wanafunzi hawahitaji kemikali. Mbinu iitwayo miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini, inawagawa viumbe wadogo wa majini katika makundi 13 na kukipa kila kikundi alama kulingana na jinsi kinavyovumilia uchafu. Ruba na minyoo, wanaostahimili karibu chochote, wana alama 2. Kaa na watoto wa kereng'ende wana 6. Mdudu mmoja aishiye chini ya mawe kwenye maji baridi yenye oksijeni nyingi ana 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyapata na kugawanya kwa idadi ya makundi hayo. Hebu shule za Dar es Salaam zigawane Mto Msimbazi, ya Pugu ipime unakoanzia na ya Kigogo ipime unakoelekea baharini, kisha zikutane na majedwali yao. Ila mwalimu aanze na usalama. Kichocho kimejaa kwenye maji yetu, kwa hiyo bila buti za mpira hakuna kuingia, na penye mamba hakuna mradi.

Sayansi ya dunia inaweza kuanza na fimbo tu. Karibu na tarehe 21 Machi jua liko juu ya ikweta. Simamisha fimbo ya mita moja, weka alama kila baada ya dakika tano, na utafute kivuli kifupi kuliko vyote. Kisumu kivuli kitakaribia kutoweka. Dodoma kitakuwa sentimita 11 hivi, Mbeya karibu 16. Kwa tanjenti, urefu huo unatoa latitudo ya shule. Wanafunzi pia watagundua kwamba kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili. Dar es Salaam kinatokea kwenye saa sita na nusu, Mbeya inakaribia saa saba, kwa sababu saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Ni vigumu kumwambia kijana aliyeliona hilo kwa macho yake kwamba longitudo ni mada ya kukariri.

Miti mingi, hesabu chache

Klabu za mazingira tunazo tangu zamani. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968, Klabu za Malihai Tanzania mwaka 1980, na Roots & Shoots ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 wa sekondari. Zimefanya mengi mema. Lakini katika shule nyingi shughuli zimesinyaa zikabaki moja, kupanda miti mbele ya mgeni rasmi na kamera.

Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Sehemu kubwa ya Tanzania wakati huo mvua zimekwisha na kiangazi ndiyo kinaanza, nasi tunachimba mashimo. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kupanda. Novemba angalau ni mwezi wa mvua. Katika nchi zote mbili, swali linalostahili kuwa mradi wa shule ni hili: katika miche tuliyopanda mwaka jana, mingapi iko hai, na iliyokufa ilikufa kwa nini? Kila mche upewe namba, upimwe urefu na unene wa shina kila muhula, na iandikwe kama umeliwa na mbuzi, umekauka au umeng'olewa. Baada ya miaka miwili shule itajua aina ipi inafaa udongo wake, na itapanda michache yenye uhakika.

Gazi, Kwale, wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013, unauza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimesaidia shule na maji ya kijiji. Biashara hiyo yote inasimama juu ya vipimo vya kawaida, yaani kuzungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, ugawe kwa 3.14, uandike. Mwanafunzi wa pwani anayeweza kutofautisha mkoko, mkandaa, mchu na mlilana, na kupima shina bila kukosea, ana ujuzi ambao kuna mtu yuko tayari kuulipia.

Milima ikishuka, ardhi ikitetemeka

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa majengo, zikiwamo sekondari za Ihungo na Nyakato. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya mji wa Katesh baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 80. Chupa ya mvua haizuii mlima kuporomoka. Lakini tahadhari ya kweli kwa mteremko fulani inahitaji kujua ni kiasi gani cha mvua, ndani ya siku ngapi, huulegeza mteremko huo, na takwimu hiyo haipatikani makao makuu ya nchi. Inatoka kwenye daftari la jirani.

Matetemeko nayo yanafundishika. Mawimbi ya kwanza husafiri kwa kasi kuliko ya pili, na kila sekunde moja ya tofauti ya kufika kwake ni takriban kilomita 8 za umbali. Rekodi za vituo vitatu zinapatikana bure kwenye intaneti. Kwa bikari na ramani, darasa linachora duara tatu na kuona zinakutana wapi.

Alama ziende kwenye daftari

Walimu watasema, na wana haki, kwamba darasa lina wanafunzi 70, silabasi haijaisha na mtihani wa moko uko mlangoni. Ndiyo maana mradi usiongezwe juu ya vipindi. Uingie ndani yake. Mada ya takwimu katika Hisabati itumie mvua ya shule badala ya umri wa watu wa kubuni. Kiswahili kiandike ripoti ya mto. Jiografia ichore grafu. Mitaala mipya ya Tanzania na Kenya inahubiri umahiri kuliko kukariri, na hapa hakuna wa kuizuia.

Kitakachoamua ni namna ya kusahihisha. Tukitoa alama kwa matokeo mazuri, wanafunzi watayapika, maana tumewazoesha hivyo. Alama zitolewe kwa daftari lililoandikwa siku hiyo hiyo, kwa vistari vilivyokiriwa, kwa maelezo ya kwa nini chupa mbili zimetofautiana, na kwa swali jipya ambalo mradi umeliibua. Msahihishaji akae na daftari dakika kumi na amuulize mwanafunzi kuhusu siku tatu alizozichagua yeye. Aliyepima atakumbuka. Aliyepika atabaki anaangalia dari.

Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakianza na chupa Januari na kukabidhiana zamu hadi wamalize kidato cha nne, shule itakuwa na kumbukumbu za siku zaidi ya 1,400. Kata nyingi hazina kumbukumbu kama hizo. Bodi ya shule inayopanga kununua tangi, bwana shamba anayeshauri tarehe ya kupanda mahindi na mhandisi wa halmashauri anayepima upana wa kalvati wote watakuwa na sababu ya kupiga hodi kwa wanafunzi. Gharama yake ni chupa, rula, bomba la sindano, na mwalimu anayekubali kusema mbele ya darasa kwamba jibu hana, twendeni tukalitafute.